Kaa tatu na L iliyodondoka

Chukua sentensi fupi: "Kaa amekaa juu ya kaa." Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa. Kuna yule mnyama wa magando anayekwenda ubavu ubavu, kuna tendo la kutulia mahali, na chini yake kuna kipande cha kuni kilichoungua, labda bado chekundu. Herufi zilezile tatu zimerudi mara tatu, na kila mara ni neno jingine kabisa.

Sisi tunaoshinda na kamusi na madaftari ya lugha za Kibantu tunaulizwa sana: je, kaa hizi tatu ni ndugu? Anayeuliza mara nyingi huja na jibu lake mkononi. Kaa wa baharini ameitwa hivyo kwa kuwa hukaa shimoni. Makaa yameitwa hivyo kwa kuwa moto hukaa ndani yake hata baada ya mwali kuzimika. Maelezo yananoga, ndiyo maana yanasambaa. Yote mawili si kweli, na njia ya kulithibitisha hilo inavutia kuliko maelezo yenyewe. Ni njia ambayo yeyote anayeongea Kiswahili na lugha nyingine moja ya Kibantu anaweza kuifuata kwa daftari na kalamu.

Kanuni ya kwanza ambayo kazi hii imetufunza: usianze na maana. Maana ni laini, unaweza kuivuta upande wowote unaotaka. Anza na umbo la neno na namna linavyopatana na wenzake katika sentensi. Kaa la kwanza ni kitenzi: kukaa, nimekaa, walikaa. La pili ni nomino inayopatana na LI-YA: kaa hili, makaa haya, kaa la moto, makaa ya mawe. La tatu ni mnyama, kwa hiyo hupatana na A-WA: kaa huyu, kaa hawa. Methali inasema "Kaa akiinua gando, mambo yamekatika", na hiyo a- ya "akiinua" ni ya uhai. Lakini chini ya uhai huo neno lenyewe halina m- wala wa-. Umoja ni kaa na wingi ni kaa, sawasawa na kuku, simba na nyuki. Hiyo ndiyo ngeli ambayo zamani ilikuwa na kiambishi cha n-. Ishike hiyo n-, tutaihitaji.

Hapa wengi hujikwaa kwenye mkaa. Magunia yanayouzwa kando ya barabara ni ya mkaa, neno la U-I: mkaa huu, mkaa umepanda bei. Jikoni, kile kipande chenye moto ni kaa, na vikiwa vingi ni makaa. Mkaa na makaa ni wa ukoo mmoja. Lakini mkaa linaweza pia kuwa mtendaji wa kukaa, yule akaaye mahali, na hilo ni la ukoo wa kitenzi. Kwenye daftari usiandike "mkaa" peke yake. Andika "mkaa huu" au "mkaa huyu", la sivyo baada ya wiki mbili hutakumbuka ulikusudia lipi.

Kisha sikiliza. Maandishi ya Kiswahili sanifu, yaliyotokana na Kiunguja na kusimamiwa na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930, hayaonyeshi mpumuo, yaani pumzi inayotoka pamoja na konsonanti. Ulimi lakini unao. Msemaji wa Kimvita au wa Kiamu akitamka kaa wa baharini, k yake hutoka na pumzi. Akitamka kaa la moto, k hutoka kavu. Kulijaribu hili ni rahisi. Kata ukanda wa karatasi nyembamba, upana wa vidole viwili, uning'inize mbele ya mdomo, karibu kiasi cha kidole kimoja kutoka kwenye midomo. Mwombe mtu wa Mombasa au Lamu, hasa mtu mzima, aseme maneno hayo mawili ndani ya sentensi, si peke yake. Kwa kaa wa baharini karatasi hutikisika. Kwa kaa la moto hutulia au husogea kidogo tu. Ukimpa maneno matupu atajitahidi kutamka "vizuri" kama yalivyoandikwa, na tofauti itajificha. Jozi nyingine za namna hii: tembo mnyama ana pumzi, tembo la mnazi halina, chungu wadogo watambaao wana pumzi, chungu cha kupikia hakina.

Pumzi hiyo ilitoka wapi? Ilitoka kwenye ile n-. Kiambishi cha n- kilipokutana na konsonanti kavu kama k, p au t, n ikafifia na kuacha pumzi nyuma yake. Lugha nyingine zimekihifadhi wazi. Kuku wa Waswahili ni nkhuku kwa Wachewa wa Malawi, n na pumzi vyote vipo, na ni inkukhu kwa Wazulu. Kaa wa baharini basi alikuwa na n- mbele yake, na kaa la moto halikuwa nayo. Hoja moja hii tu inatosha kuyatenga maneno mawili ambayo maandishi yameyafanya pacha.

Sasa tuje kwenye L.

Chukua kitenzi kaa ukinyambue. Kauli ya kutendea ni kalia: "usikikalie kiti hicho". Kusababisha ni kalisha. Hiyo l imetoka wapi, na kwenye kaa haipo? Ongeza nomino ya mtendaji: mkazi, na kutoka hapo makazi. Sasa kuna z. Kitenzi kimoja, na pale katikati mara hapana kitu, mara pana l, mara pana z. Lingekuwa peke yake tungesema ni ajali. Lakini panga safu:

zaa, zalia, mzazi.
lea, lelea, mlezi.
jua, julia, mjuzi.
nunua, nunulia, mnunuzi.
kaa, kalia, mkazi.

Huo ni mpango, si ajali. Wataalamu wa lugha za Kibantu wanakubaliana kwamba katika lugha mama, ile iliyozizaa lugha hizi zote, palikuwa na sauti ambayo Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1899, aliiandika l, na Malcolm Guthrie, katika juzuu nne alizotoa kati ya 1967 na 1971, aliiandika d. Tofauti ni ya mwandiko zaidi kuliko ya jambo lenyewe. Katika Kiswahili sauti hiyo ikidondoka katikati ya irabu, hasa mwishoni mwa mzizi mbele ya a au u. Kiambishi cha kutendea kilipokuja, ikabaki kuwa l. Mbele ya i ya mtendaji ikawa z. Kwa hiyo kukaa ilikuwa kitu kama kukala.

Tahadhari, kwa sababu hapa ndipo tunapowaona wanafunzi wenye bidii wakiteleza. L ya kalia ni dalili, haijawa ushahidi. Kiswahili kimezoea mno kuingiza l baada ya vitenzi vinavyoishia na irabu mbili, hadi kinaiingiza hata pale ambapo haijawahi kuwapo. Sahau ni neno la Kiarabu, na katika Kiarabu halina l ya kudondoka. Hata hivyo tunasema "siku isiyosahaulika". L ile imeazimwa kutoka mfano wa akina julikana. Ukimtegemea mnyambuliko peke yake, utadai kwamba Waarabu nao walisema sahaula. Nomino yenye z ina nguvu zaidi kama dalili, lakini nayo ina mitego yake. Kazi ya mikono haihusiani na kaa hata kidogo. Na mkazi wa Kichewa si mkaaji wa mahali, ni mwanamke, sawa na omukazi wa Kiganda. Mzizi huo wa "mwanamke" Kiswahili tunao pia, umejificha ndani ya mkaza mwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume. Mtu akilinganisha mkazi wa Lilongwe na mkazi wa Dodoma kwa kutazama herufi tu, ameoanisha mke na mpangaji.

Kwa hiyo lazima utoke nje ya Kiswahili, uwaendee jamaa.

Namna ya kuuliza ina maana kubwa kuliko orodha ya maswali. Usimwambie msemaji wa lugha nyingine: "Kwenu kaa mnasemaje?" Ukishalitaja neno la Kiswahili umemtia sikioni, na anayejua Kiswahili vizuri atakurudishia umbo lililopindishwa kuelekea Kiswahili. Onyesha kitu. Kwa mkaa ni rahisi, jiko halikosekani. Kwa kaa mnyama, tumia picha, na kwa watu wa bara eleza kwamba unamtaka yule wa mtoni chini ya mawe, kwa maana kaa wa maji baridi wapo na watu wanawajua. Kwa kitenzi, kaa mwenyewe kwenye kigoda uulize unafanya nini. Andika umoja na wingi, daima vyote viwili, kwa sababu kiambishi ndicho kitakachokuambia kama kuna n-. Uliza watu watatu wasiokaa nyumba moja, na mmoja wao awe mzee. Kisha chagua lugha zisizo majirani. Lugha tano za mbali zina uzito kuliko kumi na tano zinazopakana, maana majirani huazimana.

Ukifanya hivyo kwa makaa, unapata picha safi kiasi cha kushangaza. Kichewa, makala. Kilingala, makala. Kikongo, makala. Kikuyu, makara. Kinyarwanda na Kirundi, amakara. Wagiriama, walio nyuma tu ya Malindi na Kilifi, makala. Kitswana kinasema legala umoja na magala wingi, na mwandiko wao wa g unawakilisha sauti ya kooni iliyotokana na k ya kale. Kote kuna ma- ya wingi, kote kuna l au r katikati. Waswahili ndio wenye pengo.

Kwa kitenzi: Kikongo kala, Kigiriama kukala, Kibemba ukwikala, Kikuyu gũikara, Kinyarwanda kwicara. Tazama ile i iliyotangulia k katika Kibemba, Kikuyu na Kinyarwanda. Kiswahili na Kikongo zimeipoteza. Ndiyo inayoeleza c ya Kinyarwanda: k iliyotanguliwa na i ikalainika kuwa c, kama kumi yetu ilivyo icumi kwao. Kwenye amakara hakuna i kabla ya k, na k imesalimika. Kwa hiyo ndani ya Kinyarwanda peke yake maneno haya mawili yanatengana kwa macho, amakara upande huu na kwicara upande ule, wakati sisi tumebaki na kaa na kaa.

Na mnyama? Huyu ana jamaa wachache wanaofahamika kwa wepesi, kwa kuwa lugha nyingi za bara zimemwita kwa majina mengine. Wachewa wanamwita nkhanu, na hilo si neno letu. Lakini Wazulu wanasema inkalankala, mzizi ukirudiwa mara mbili, na Wakongo wanasema nkala. N- ile tuliyoisikia kama pumzi Mombasa, hapa imesimama wazi mwanzoni mwa neno.

Kikongo ndicho kinachotupa raha kuliko vyote. Kala ni kukaa na kuwa. Makala ni makaa. Nkala ni kaa wa majini. Maneno matatu, kila moja na sura yake, katika lugha iliyo kwenye mdomo wa mto Kongo, upande wa Atlantiki. Ukivuka bara zima hadi Bahari ya Hindi unayakuta yote matatu, katika safu ileile, yakiwa yamepoteza l kwa pamoja na kugongana. Wakongo hawakuyaazima kwa Waswahili, wala Waswahili kwa Wakongo. Wameyarithi wote.

Hapo bado hujamaliza. Ufanano wa kila jozi lazima uungwe mkono na maneno mengine yanayofuata njia ileile, vinginevyo unaokota sadfa. Katika lugha ya Mbabaram ya Queensland, Australia, mbwa aliitwa dog, na Kiingereza hakikuhusika hata kidogo. Pesa yetu imetoka paisa ya Kihindi; peso ya Kihispania imetoka neno la Kilatini la uzani. Kwa hiyo tunadai maneno yasiyopungua matatu ya mashahidi kwa kila badiliko la sauti. Kwa l iliyodondoka katika Kiswahili, mashahidi hawa wanatosha:

Mvua: mvula kwa Kichewa na Kikongo, imvula kwa Kizulu, imvura kwa Kinyarwanda, mbula kwa Kilingala, mbura kwa Kikuyu.

Njaa: njala kwa Kichewa, nzala kwa Kikongo na Kilingala, indlala kwa Kizulu, inzara kwa Kinyarwanda.

Kua, yaani kuongezeka kimo: kula kwa Kichewa na Kikongo, khula kwa Kizulu, gukura kwa Kinyarwanda, kokola kwa Kilingala. (Mtanzania akisikia Mchewa akisema mtoto wake "anakula" kwa maana ya kukua, asikimbilie sahani.)

Juu: hejuru kwa Kinyarwanda, phezulu kwa Kizulu, waggulu kwa Kiganda.

Safu hiyo ukiwa nayo ukutani, kila neno jipya unalipitisha hapo. Linaloingia linaingia, lisiloingia linangoja. Na mengine yanafanana sana na bado lazima yangoje au yatoke.

Kizulu hlala ni kukaa, kuishi mahali. Maana ni ileile, irabu ni zilezile, l iko mahali pake. Lakini hl ya Kizulu hailingani na k ya Kiswahili. Hulingana na ch au t: hleka ni cheka, hlanu ni tano. K yetu kwa Wazulu ni kh, kama khula ilivyoonyesha. Basi hlala si jamaa wa kaa. Je, khala ya Kizulu? Hiyo ipo, na maana yake ni kulia, kupiga ukelele. Kilingala nacho kina kozala, kuwa na kukaa, jirani kabisa wa kukala kwa sikio, lakini k ya kale katika Kilingala imebaki k, kama kokola inavyoonyesha. Z haina nafasi hapo.

Khala ya Kichewa, maana yake kukaa, ni kesi ngumu zaidi na tunapenda kuitumia kufundishia. Kila kitu kinapatana isipokuwa ile h. K ya kukua ni kavu katika Kichewa, kula. K ya makala ni kavu pia. Kwa nini hii ina pumzi? Gara ya Kishona ina shida ya namna hiyo: kugara ni kukaa, lakini kukua ni kukura, k si g. Mtu mwenye haraka huziandika zote mbili kwenye orodha ya jamaa na kwenda zake. Mtu mwenye haraka ya upande wa pili huzifuta. Vyote viwili ni makosa. Kumbuka ile i ya ikala: k ya kitenzi hiki haikuwa mwanzoni mwa mzizi, ilikuwa na irabu mbele yake, kwa hiyo haikulazimika kupita njia ileile ya k ya kukua. Tunaziweka safu ya pembeni, kwa penseli, na hatuzitumii kama mashahidi wa lolote lingine.

Na zipo lugha zilizoacha neno kabisa. Waganda wanasema amanda kwa makaa, Wabemba amalasha, Wazulu amalahle. Haya hayaharibu hoja. Neno kutokuwapo mahali pamoja si ushahidi kwamba halikuwapo kale, mradi lipo katika pande zilizo mbali: Atlantiki, Maziwa Makuu, mlima Kenya, Malawi, Botswana. Lingekuwa limeenea kwa wachuuzi, lingefuata njia za biashara, na kila lugha ingelipokea kwa sauti za yule aliyelileta. Legala ya Kitswana, iliyopita kwenye badiliko la Kitswana lenyewe, haina dalili ya kuletwa na mgeni.

Kiswahili cha Kongo kinahitaji uangalifu wa peke yake. Lubumbashi utasikia makala kwa makaa na kuikala kwa kukaa au kuishi. Inavutia kusema kwamba huko wamehifadhi Kiswahili cha kale, cha kabla ya l kudondoka. Hapana. Kiswahili kilifika huko kikiwa kimeshapoteza l.  L ya kuikala, pamoja na i yake, imetoka kwa wenyeji, Waluba na Wabemba, ambao neno hilo walikuwa nalo siku zote. Ni jamaa wawili waliotengana muda mrefu wakakutana tena mji mmoja, na wa kienyeji akachukua nafasi. Hilo si kosa la Wakongo. Ndivyo lugha inavyoishi, na anayewasahihisha hajui anachokisahihisha.

Vivyo hivyo kwa Kenya. Wakenya husema "anakaa mgonjwa" kwa maana ya kuonekana mgonjwa, na walimu wa sarufi hukunja uso. Fuata mzizi uone. Kwa Wakongo kala ni kukaa na pia kuwa. Kwa Wagiriama kukala ni kuwa. Kwa Waluba kuikala ni kuwa. Kutoka kutulia mahali, hadi kubaki katika hali, hadi kuwa katika hali, hadi kuonekana katika hali: ni ngazi moja, na Mkenya amepanda kidato kimoja tu zaidi. Hata Kihispania, ser yao, yaani "kuwa", ina damu ya kitenzi cha Kilatini cha kukaa kitako, na estar imetoka kwenye kusimama. Na katika Kiswahili hikihiki sanifu tunasema "chakula hakikai" kwa maana ya kutodumu, wala hakuna anayelalamika.

Usichanganye hilo na kaa ya nne, ambayo inasikika sana Nairobi: "kaa unataka, sema". Hiyo ni "kama" iliyopoteza m yake kwenye mazungumzo ya haraka. Haina uhusiano na yoyote kati ya tatu za mwanzo. Kuitambua, rudisha "kama" mahali pake: sentensi ikisimama, ni hiyo.

L ilidondoka lini? Tarehe hatuwezi kuiweka, lakini mpangilio tunaweza. Wamijikenda, ambao Wagiriama ni sehemu yao, ni jamaa zetu wa karibu kabisa, na bado wanayo: mvula, makala, kukala. Kwa hiyo ilidondoka baada ya Waswahili na Wamijikenda kutengana. Upande wa pili tazama maneno ya Kiarabu. Sala imebaki sala, haikuwa saa. Dalili, mali, salama, kalamu, zote zina l zao. Yangeingia wakati l bado inadondoka, angalau sala ingeipoteza, maana l yake iko kati ya a na a, mahali palepale ilipodondoka kwenye makala. Basi ilikuwa imekwisha kudondoka kabla maneno hayo hayajazoeleka midomoni.

Na kanuni yenyewe ina mipaka, tuseme wazi. Mbele ya i, l husalia mara nyingi: mbili, kali, mwili. Mwanzoni mwa mzizi husalia: mlima, lima. Lala ina l mbili na zote zipo.  Mtu asiyeijua mipaka hii huanza kuona l zilizopotea kila penye irabu mbili, na humaliza kwa kudai kwamba saa ilikuwa sala.

Kwa vitabu, fungua vya zamani kabla ya vipya. Kamusi ya mmisionari Krapf ya mwaka 1882 ina thamani ya pekee kwa kazi hii, kwa sababu alikaa Rabai miongoni mwa Wamijikenda, na mara kwa mara huweka neno la Kinyika, kama walivyoiita lugha ya watu hao wakati ule, kando ya la Kiswahili. Tahajia yake ni ya enzi hizo, kwa hiyo tafuta neno kwa sauti, si kwa herufi. Kamusi ya Sacleux, iliyochapishwa kuanzia 1939, imejali lahaja kuliko zote, na ukitaka kujua Kiamu kilisemaje usiende kwingine kwanza. Vitabu vya ulinganishi vikikuwekea kinyota mbele ya mzizi, maana yake ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuliona limeandikwa wala kulisikia. Limejengwa upya kutokana na jamaa walio hai. Usilinukuu kana kwamba ni neno lililosemwa. Ni hesabu, na hesabu ikiletewa lugha mpya inaweza kubadilika.

Ukishazoea kaa, jaribu paa. Yule mnyama mdogo wa vichakani ana pumzi kwenye p yake, jaribu kwa karatasi, na paa la nyumba halina. Pumzi inasema palikuwa na n-, ambayo mbele ya p hutamkwa m. Irabu mbili zinakutuma utafute l. Weka vyote pamoja: m, p, a, l, a. Wazulu wanamwita impala swala yule mwekundu arukaye juu, na kutoka kwao Kiingereza kikalichukua, likazunguka dunia nzima. Nasi hapa kwetu, katika mbuga za Tanzania na Kenya, swala huyo tunamwita swala pala, l ikiwa mahali pake, huku paa wetu wa zamani bado yuko kichakani bila l.